Kozi ya Kiingereza ya jioni, Katindo: jioni tatu kwa neno moja

Nianze na bei, maana hapa Goma mtu anaiuliza kabla ya salamu. Ni dola 15 kwa mwezi, dola 5 za kujiandikisha, halafu kuna pesa ya fotokopi, franka 200 kwa ukurasa, ambayo hakuna anayekutajia siku ya kwanza. Masomo ni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu usiku. Nimesoma pale miezi sita, Machi hadi Agosti 2024. Jina la kituo sitaliandika kwa sababu nina malalamiko, na mwenye kituo anakaa ua mmoja na shemeji yangu. Mtu wa Katindo ameshajua: ngazi za mbao, chini kuna fundi wa kushona, juu mlango wa bluu usiofungika vizuri.

Mimi ni dereva. Mwaka wa kumi na moja sasa naendesha gari za mashirika, zile jip nyeupe zenye antena ndefu. Kifaransa ninacho, cha shule na cha kazini. Kiingereza nilichokuwa nacho ni kile cha redio ya gari: "copy", "over", basi. Na nilikuwa natosheka nacho, mpaka siku ya kuku.

Februari 2024 vita vilisogea hadi milima ya Sake, mji mdogo karibu na Goma. Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla gari hazijatoka, buleteni ya usalama inabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Siku hizo ilikuja kwa Kiingereza kitupu, kwa sababu mkubwa aliyekuwa amefika hakujua Kifaransa. Nikashuka na kidole mpaka mstari wa Sake, nikakuta neno moja ninalolijua: "volatile".

Sasa, mtu aliyesomea Kifaransa ukimwonyesha neno hilo, anaona manyoya. Kwa Kifaransa, volatile ni ndege wa kufugwa: kuku, bata, bata mzinga. Mimi nikaunganisha mambo haraka haraka. Sake ndipo tunaposimama tukirudi kutoka Masisi, na hakuna dereva asiyenunua kuku pale. Nikasema basi, mafua ya ndege yameingia, wakubwa hawataki tubebe kuku kwenye gari za shirika. Nikawaambia wenzangu wawili, "Leo kuku tuziache." Wakakubali, tena mmoja akasema alishaona kuku wanasinzia kule. Halafu nikaenda kwa mlojistiki kuuliza vizuri.

"Chef, kuku za Sake ziko na ugonjwa gani?"

Alinitazama, akatazama ubao, akarudi kunitazama. Akacheka mpaka akashika meza. "Papa, si kuku. Ni vita. Leo hakuna kutoka."

Wiki mbili nzima niliitwa Papa Kuku. Mwezi uliofuata nikapanda zile ngazi za mbao.

Darasa lenyewe ni chumba kimoja cha mbao chenye mabenchi ya watu kumi na sita, tukikaa ishirini na nne. Kuna vijana wanaotafuta kazi kwenye mashirika, kuna wauza simu, kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisinzia tangu dakika ya kumi, maskini, na kuna mama mmoja anayebadilisha pesa Birere, ambaye bila yeye ningeacha mwezi wa pili. Mwalimu tunamwita Ticha. Amesomea Kampala, ana miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, miguuni kandambili. Ana tabia moja: anaandika neno ubaoni na hakupi tafsiri yake. Ukimwuliza "maana yake nini?", anakujibu, "Kwanza tuone linakaa wapi."

Neno langu lilifika Aprili. Nilikuwa nimemsimulia kisa cha kuku kwenye ngazi, kumbe akakitunza. Jumatatu akaingia, akaliandika kwa herufi kubwa, akaniambia nisimame niwasimulie wote. Nikasimulia. Darasa likavunjika kwa kicheko. Ticha akangoja wamalize, akasema: "Papa hakukosea sana. Kuku wake ni ndugu wa neno hili."

Akatupeleka hadi Kilatini, volare, kuruka kama ndege anavyoruka. Humo ndimo mlimotoka volaille, kuku wa mezani, na vol, safari ya ndege. Kijana mmoja akauliza mbona vol ni wizi pia. Ticha akasema ni mzizi uleule: kuiba kwa Kifaransa kulitoka kwenye lugha ya wawindaji waliofuga kipanga, ndege anaruka na kunyakua. Hata Waingereza wa kale walilitumia neno letu kwa viumbe wenye mabawa. Baadaye mabawa yakaondoka, ikabaki ile hali ya kitu kisichotulia mkononi, kitu ambacho ukifumbua vidole hakipo tena.

Swali lililofuata ungelijua hata kama hukuwepo, maana sisi ni watu wa Goma. Na volkano? Wote tulikuwa na hakika ni ukoo mmoja. Tunaishi chini ya Nyiragongo, mita 3,470 za mlima usiotulia, ni nini tena kama si hicho? Ticha akakataa. Volkano limetoka kwa Vulcanus, mungu wa moto wa Warumi, halihusiani na kuruka. Yamefanana sauti tu. Lakini, akasema, wataalamu wa volkano wanalo neno letu na wanalitumia kila siku: mvuke wa maji, kaboni dioksaidi, salfa dioksaidi, gesi zote zilizoyeyuka ndani ya mawe ya moto wanaziita kwa jina hilo. Zikiwa chini sana zimebanwa. Mawe yakipanda, mgandamizo unapungua, gesi zinatoka kwa nguvu. "Kama bia ya Primus ukiifungua," mtu wa nyuma akasema, na Ticha akaandika "Primus" ubaoni kama jibu sahihi. Hapo ndipo nilipoanza kuona dola 15 zangu si za bure. Mazuku tunaijua sote, ile hewa inayolala mabondeni na kuua mbuzi, na watu pia. Sikuwahi kufikiri kwamba ni gesi ya familia hiyohiyo.

Jumatano alikuja na vizibo viwili vya chupa. Kimoja akatia petroli aliyonunua kwa kadhafi, yaani muuza petroli wa barabarani, kingine mawese. Akaviweka dirishani, akaendelea na mambo ya vitenzi. Baada ya nusu saa hivi akavileta: cha petroli kikavu, cha mawese kimejaa vilevile. Basi, petroli ni "volatile", mawese siyo. Hii ndiyo maana ya kwanza inayopatikana kwenye vitabu vya sayansi: kioevu kinachogeuka mvuke upesi bila hata kuchemshwa. Somo zuri. Ila niseme kama dereva niliyebeba madumu maisha yangu yote: petroli ndani ya chumba cha mbao, watu ishirini na nne, mlango mmoja, na nyaya za jenereta zilizofungwa kwa plastiki ya mfuko? Mama wa Birere alihamia kwenye benchi la mlangoni kimyakimya. Mimi nikamfuata. Ticha, ukisoma hapa, safari nyingine tumia pombe ya duka la dawa, na iwe matone mawili.

Jioni hiyohiyo umeme ukakatika. Kijana mmoja alikuwa na kompyuta ya zamani isiyo na betri, inakula moja kwa moja ukutani, na alikuwa anaandika barua yake ya kuomba kazi badala ya kusikiliza. Ikazima. Barua ikaenda. Alivyopiga kelele ungefikiri ameibiwa pikipiki. Ticha, gizani, kwa furaha kabisa: "Hilo tena!" Akaeleza kwamba kompyuta ina kumbukumbu mbili, moja inahifadhi hata ukizima, nyingine inashika tu wakati umeme unapita, na hiyo ya pili kwa Kiingereza wanaiita kwa neno letu lilelile. Kijana hakufurahishwa na mfano.

Kisha akaja kwenye bei, na hapa ndipo Mama wa Birere alipomshika mwalimu wake. Ticha aliandika kwamba soko, bei na sarafu vinaweza kuwa "volatile", akatoa mfano wa franka yetu. Mama akainua mkono.

"Ticha, hiyo si yenyewe."

"Kwa nini, mama?"

"Miaka miwili nyuma dola moja nilikuwa nainunua kwa franka elfu mbili na kidogo. Leo ni elfu mbili mia nane hivi. Ilipanda tu, inapanda pole pole, kila mtu anaona. Umesema neno hili ni kitu kinachorukaruka. Franka hairuki. Franka inashuka ngazi."

Ticha akakaa juu ya meza. Akafikiri. Akasema mama ana haki, akafuta mfano wake kwa kiganja. Bei ambayo kila siku inakwenda upande uleule, hata ikiumiza, hilo si neno lake. Neno linataka kupanda na kushuka, haraka, bila taarifa. Tukatafuta mfano mwingine, nami nikatoa wa kwangu: lita ya petroli kwa kadhafi, siku barabara ikifungwa, siku ikifunguliwa, asubuhi na jioni si bei moja. Huo ukapita.

Nimewahi kukaa kwenye semina za shirika zenye kahawa, sandwichi na projekta, na sikuwahi kuona mwalimu akifuta mfano wake mbele ya mama wa sokoni. Kama unataka kujua kwa nini napendekeza kozi hii, ni kwa ajili ya dakika hiyo.

Alhamisi ilikuwa siku ya majirani wa neno. Meza ya Ticha ina mguu mmoja mfupi, imewekewa karatasi ya katoni iliyokunjwa. Akaitoa katoni, akaitikisa meza. Tukasema wote kwa pamoja neno letu jipya, kwa fahari. Makosa! Meza inayotikisika ni "wobbly". Ukiiita "volatile", akasema, Mwingereza atatoka nje mbio akifikiri italipuka. Mgonjwa ambaye daktari hana hakika naye, hali yake ni "unstable". Makubaliano ya kusimamisha vita ambayo yanaweza kuvunjika kwa risasi moja ni "fragile". Watu wamejaa kwenye ronpuen, pale barabara zinapozunguka, wamenyamaza, polisi wamenyamaza, kila mmoja anamwangalia mwenzake, hapo ni "tense". Na baba mkwe ambaye anacheka na wewe, unamimina chai, tone moja linaanguka kwenye kitambaa, anasimama na fimbo? Huyo ndiye "volatile". Mtu mmoja akauliza kama ni tusi. Si tusi hasa, ila usimwandikie mkubwa wako wa kazi.

Matamshi nayapitisha haraka: mkazo uko mwanzoni, VO, si mwishoni tunakoupeleka sisi wa Kifaransa. Wa London wanamalizia kwa sauti ya "ta-il", Wamarekani wanaumeza mwisho kabisa. Na raha moja: Kifaransa kinakusumbua kuandika volatil kwa kiume na volatile kwa kike, Kiingereza kina sura moja tu kwa wote. Linapenda kutembea na "remain", kubaki, na "become", kuwa, na ukitaka kulikazia unaliwekea "highly" mbele.

Kilichochukua saa nzima ni Kiswahili chetu. Ticha alitaka tulitafsiri lile la buleteni, lakini akapiga marufuku "tete". Alisema redio zimelitumia "hali tete" mpaka limekuwa kama muhuri, watu wanalisikia na kuendelea kula. Hapo akatuweka pabaya. Mmoja akasema "hali haieleweki", Ticha akakataa: hali isiyoeleweka inaweza kuwa imetulia tu. Mwingine "hali mbaya", akakataa tena: siku yenyewe inaweza kuwa nzuri, soko limefunguliwa, watoto wako shule. "Yenye kuyumba"? Kidogo, lakini kuyumba ni kwa mtumbwi, unauona. Mimi nilisema "inaweza kugeuka saa yoyote", akanipa nusu alama, maana ni maelezo, si jina.

Mama wa Birere alikuwa anahesabu kitu kwenye simu. Akasema bila kuinua kichwa: "Iko sawa, lakini usivue viatu."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa Goma usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi, mbingu nyekundu upande wa kaskazini, lava ya Nyiragongo inashuka hadi Buhene. Nilitoka na ndala moja na mtoto mgongoni. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, waliposema mitaa kadhaa ihame, nyumbani kwetu watu wote walikuwa tayari na viatu miguuni, tulikuwa tumelala navyo, na mwendo wa kwenda Sake ukaanza. Ticha aliandika sentensi ya mama ubaoni, hakuifuta hata tulipotoka. Jumatatu tulikuta bado ipo.

Basi, nilipata nilichokifuata? Kwa neno hili, ndiyo, na kwa mengine kama thelathini niliyoyapata kwa mtindo huohuo. Agosti, baada ya kusimamisha mapigano kulikoanza tarehe 4, buleteni ilianza kuandika "calm but volatile". Nilisimama mbele ya ubao nikawafafanulia vijana watatu, kwamba leo tunaweza kutoka, lakini tangi lijae, gari lielekezwe barabarani, na kuku tununue wakati wa kurudi kama tutarudi. Wakaniuliza nimejulia wapi. Nilisikia raha, siwezi kuficha.

Ila kozi hiyo pia imenifanya niichukie buleteni. Nilimpelekea Ticha za miezi mitatu kwenye simu. Neno lipo kila siku, mahali palepale, hata siku ambazo hakuna kilichobadilika. Akasema mwandishi anajikinga tu: likitokea jambo, atasema niliwaonya, lisipotokea, hakuna wa kumlaumu. Kwangu mimi dereva hilo ni tatizo la kazi. Nataka karatasi iniambie leo ni tofauti na jana au la.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kubwa: Ticha anaongea mno. Anaongea vizuri, lakini anaongea yeye. Nikijumlisha dakika ambazo mdomo wangu mimi ulitoa Kiingereza kwa miezi sita, sidhani kama zinafika arobaini. Nasoma vizuri, naelewa redio, lakini mgeni akiniuliza kitu bado namjibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kama hujui kabisa Kiingereza, usianzie hapa, utapotea. Ticha hafuati mpangilio, leo nyakati za vitenzi, kesho jina la samaki. Tafuta kwanza mahali pa kujifunzia misingi, hata na simu yako, kisha uje.

La pili, jenereta. Umeme ukikatika tunaambiwa tuchange petroli, franka 500 kila mtu, na siku nyingine tumechanga na jenereta haikuwaka, pesa haikurudi. Beba tochi. La tatu, cheti ni dola 10 za ziada. Mimi nililipa Agosti, bado nangoja sahihi. Choo sitakizungumzia.

Na muhimu: kuna kundi la Jumamosi asubuhi, bei ileile, wanalitangaza kwa kelele kwa sababu ndilo lina nafasi. Hilo hafundishi Ticha. Ni kijana msaidizi anayesoma fotokopi kwa sauti, nawe unafuata kwa kidole. Nilienda mara moja kufidia siku niliyokuwa Rutshuru, nikatoka nusu ya saa. Ukifika pale mwambie sekretari unataka la jioni, la Ticha mwenyewe, na ufike saa kumi na moja na robo, maana ikigonga nusu mabenchi yamejaa na utasikiliza umesimama ngazini, na fundi wa chini anashona mpaka saa mbili.